Aliyepatwa na Msiba na Haki ya Mwili Wake



Katika darsa yetu ya hapa Mtwapa lililetwa suala lililoandikwa katika karatasi na kupitishwa kutoka upande wa wanawake. Aliyeliandika ni mama wa makamo, na kwa heshima yake hatutamtaja. Asema kwamba mwanawe, kijana wa miaka 24, alikuwa akiendesha pikipiki ya abiria katika njia kuu iendayo Malindi. Usiku mmoja wakagongwa na gari. Abiria akafa pale pale, na kijana akavunjika mguu. Mguu uliungwa, ukapona, na daktari akamwambia atembee. Lakini sasa ni mwezi wa nane kijana hatoki chumbani illa kwa sala na kwa haja. Usiku hushtuka akipiga kelele. Pikipiki ikipita mlangoni hutetemeka mikono. Wako waliomwambia mama kuwa mwanawe ana pepo, na atafutwe mtu wa kumpunga. Wenzake wa timu ya mpira ya mtaani wamekuja mara mbili kumwita uwanjani, na jirani mmoja akasema, kwa sauti ya kusikiwa na nyumba tatu: “Mtu amekwisha kuua, na sasa atakwenda kucheza?” Mama auliza: je, yafaa mwanawe aende?

Twajibu: yafaa. Na lau suala lingekuwa ni hilo tu, tungeandika neno hilo moja tukafunga. Lakini jirani yule hakusema peke yake. Alilolisema yeye kwa sauti, wengi wetu twalisema kwa macho. Twadhani mchezo ni mali ya mwenye furaha, na kwamba aliyepatwa na msiba adabu yake ni kukaa. Akaaye twamsifu kuwa ana haya. Ainukaye twamtilia shaka. Na katika kumsifu huko twamzika mtu angali hai.

Haki ya kuhuzunika haikanushiki. Dini yetu imeikubali huzuni, nayo imeipimia muda: asiyekuwa mke hakai matanga zaidi ya siku tatu, na mke aliyefiwa ana eda ya miezi minne na siku kumi. Basi hata eda ya mjane ina siku ya kutoka. Kijana huyu amejifungia eda isiyo na hesabu, na hapana aliyemwekea illa nafsi yake na macho yetu. Ama mchezo, yajulikana na kila aliyesoma sira kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alishindana mbio na Bi Aisha zaidi ya mara moja, mara akashindwa na mara akashinda. Na kwamba Wahabeshi walicheza na mikuki yao ndani ya msikiti wa Madina naye akiwatazama. Hatuyaleti haya ili kuuhalalisha mpira unaopitisha wakati wa sala, wala kamari ya mechi iliyowaingia vijana wetu kwa njia ya simu. Twayaleta ili mtu asidhani kwamba kuutumikisha mwili kwa furaha ni upungufu wa adabu.

Wanavyuoni wa kale walilijua jambo hili kuliko tulijuavyo sisi. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934 wa miladi, aliandika kitabu akakiita Masalih al-Abdan wa al-Anfus, yaani maslaha ya miili na ya nafsi. Sehemu ya kwanza ni ya miili, na ya pili ni ya nafsi, na kuziweka pamoja katika jalada moja ndiko kulikokuwa kupya. Alieleza kwamba mtu ni viwili hivi kwa pamoja, na kimoja kikiugua cha pili hakibaki salama. Basi tabibu atibuye kimoja akakiacha cha pili amefanya nusu ya kazi. Baada yake Ibn Sina, katika Qanun yake, alipotaja mambo ya kuilinda afya aliitanguliza riadha kabla ya chakula na usingizi.

Na neno hili riadha, ambalo sisi Waswahili twalitumia kila siku kwa mbio na michezo, tumelipokea kutoka kwa Kiarabu. Na asili yake huko ni kumfunza mnyama, khasa farasi, mpaka akubali hatamu. Maana hiyo ya asili ndiyo itufaayo leo. Kwani mwili uliopatwa na jambo la kutisha ni kama farasi aliyeshtuka. Mwenyewe yu juu yake, lakini haongozi yeye. Ukipita mlio, farasi hukimbia. Likianguka jani, husimama akatetemeka. Na hapana farasi aliyewahi kutulizwa kwa kupewa hotuba.

Mtu aonapo khatari, mwili wake hufanya kazi uliyoumbiwa: moyo huenda mbio, pumzi huwa fupi, misuli hukaza, macho huwa makali, usingizi hutoroka. Khatari ikipita, aghalabu mambo haya hupoa yenyewe baada ya siku au majuma. Lakini kwa baadhi ya watu hayapoi. Mwili huendelea kulinda zamu usiku na mchana, kana kwamba gari lile bado laja. Harufu ya petroli, taa kali usoni, breki iliayo barabarani, kila kimoja huurudisha usiku ule mzima mzima. Na jambo la ajabu zaidi ni kwamba mtu huyu hufika kuuogopa hata moyo wake mwenyewe: ukienda mbio kwa sababu yoyote, yeye hufahamu kuwa khatari imerejea. Basi hujikalisha ili usiende mbio. Hapandi ngazi, hachukui mzigo, hatoki. Na kila akikaa zaidi, mwili hudhoofika na khofu hunenepa.

Dawa ya mazoezi huingia hapa. Mtu atembeapo kwa haraka au akimbiapo, moyo huenda mbio na pumzi hukatika, sawasawa na katika khofu. Lakini safari hii amekhiari mwenyewe, na kisha akisimama moyo hutulia, na hapana baya lililotokea. Afanyapo hivyo leo, na kesho, na mara ya arubaini, mwili hujifunza jambo ambalo ulimi wa nasaha haukuweza kuufunza. Pamoja na hayo usingizi hurejea kidogo kidogo, kwani aliyechoka kwa kazi ya viungo hulala kuliko aliyechoka kwa mawazo. Wataalamu wa leo hawasemi kwamba riadha peke yake yatosha kwa kila mtu. Wasema ni msaada mkubwa pamoja na matibabu ya daktari na mazungumzo na mtu ajuaye kazi hiyo. Wala haihitaji uwanja wala kiatu cha bei. Shirika la Afya Duniani, katika maelekezo yake ya mwaka 2020, lilimshauri kila mtu mzima apate kati ya dakika 150 na 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, likawataja waziwazi na walio na ulemavu. Gawanya kwa siku saba, utaona kiwango cha chini hakifiki nusu saa kwa siku.

Na hapa nitasema neno ambalo baadhi ya ndugu wa darsa hawatalipenda. Wale wanaokwenda kupungwa, wakarudi wamepoa siku mbili tatu, hawakusema uwongo waliposema wamepata nafuu. Usiku kucha wameuchezesha mwili kwa mpigo mmoja, katikati ya watu waliowazunguka na kuwajali. Kilichowapoza ni hicho. Si pepo aliyeahidiwa mbuzi. Basi kwa nini tumnyime aliyeumia mwendo na watu, kisha tustaajabu akivifuata kwa mganga? Na mganga si mlango mbaya kuliko yote. Mji wetu huu wakesha kwa mabaa, na wauza unga hawalali. Kijana asiyepata usingizi kwa miezi minane atauziwa usingizi, na bei yake twaijua sote.

Ulimwengu ulichelewa kuyakubali haya. Mpaka vita kuu vya pili, askari aliyevunjika uti wa mgongo alilazwa kitandani kusubiri mauti, na wengi walikufa kabla ya kupita miaka michache, kwa vidonda vya kulalia na maradhi ya mkojo. Mwaka 1944 daktari Ludwig Guttmann, aliyekimbia Ujerumani mwaka 1939 kwa kuwa Myahudi, alifunguliwa wodi katika hospitali ya Stoke Mandeville huko Uingereza ili awaangalie watu hao. Aliamuru wageuzwe kila baada ya saa chache, kisha akawataka wafanye kazi na wacheze: kutupa mpira, kulenga shabaha kwa upinde wakiwa juu ya viti vya magurudumu. Tarehe 29 Julai 1948, siku ile ile iliyofunguliwa michezo ya Olimpiki mjini London, aliwakusanya wagonjwa 16 katika uwanja wa hospitali, wanaume 14 na wanawake wawili, wakashindana kwa mishale. Mwaka 1960 michezo hiyo ilikwenda Roma, ikawa na washindani 400 kutoka nchi 23. Hiyo ndiyo asili ya Paralimpiki tuzionazo leo katika televisheni. Mwanzo wake haukuwa kutafuta medali. Ulikuwa ni daktari mmoja kukataa kuwaita wafu watu waliokuwa wakipumua.

Lakini tuje karibu na kwetu. Henry Wanyoike, mwenyeji wa bara hapa Kenya, alikuwa kijana mkimbiaji mwenye tamaa ya kufika mbali. Mwaka 1995 alipata kiharusi. Alilala akiona, akaamka haoni illa kiasi kidogo sana. Hapana gari lililomgonga, wala adui aliyemdhuru. Ni usiku mmoja tu. Yeye mwenyewe amehadithia mara nyingi jinsi alivyokata tamaa siku zile. Baadaye alipelekwa kujifunza kazi za mikono pamoja na vipofu wengine, na huko ndiko alikorudi kwenye mbio.

Msomaji na atazame namna mbio za kipofu zinavyokwenda, kwani humo muna somo kuliko katika medali. Kipofu hakimbii peke yake. Hukimbia na kiongozi, wameshikana kwa kamba fupi, mkono kwa mkono. Kiongozi haruhusiwi kumvuta. Kazi yake ni kwenda sawa naye, kumwambia hapa yaja kona, hapa tupunguze. Mwaka 2000, katika Paralimpiki ya Sydney, Wanyoike alikuwa mbele mno katika mbio za mita 5,000, na mwishoni kiongozi wake ndiye aliyeishiwa nguvu, kwani alikuwa mgonjwa. Kanuni hazikumruhusu amwache. Basi kipofu akamkokota mwenye macho mpaka mwisho, akapata dhahabu. Mwaka 2004 huko Athens alishinda mita 5,000 na mita 10,000, akiongozwa na Joseph Kibunja, rafiki yake tangu utotoni. Mwaka 2005 alikimbia marathoni ya London kwa saa 2 dakika 32 na sekunde 51, na wiki moja baadaye akakimbia ya Hamburg kwa saa 2 dakika 31 na sekunde 31. Wengi wetu tuna macho mawili, na kutoka Mtwapa mpaka Majengo twataka matatu.

Wa pili ni Douglas Sidialo. Tarehe 7 Agosti 1998 lililipuliwa bomu katika ubalozi wa Marekani mjini Nairobi, na jingine Dar es Salaam. Nairobi waliuawa watu 213 na kujeruhiwa maelfu. Dar es Salaam walikufa 11. Waliolitega walidai kuitetea dini yetu, na katika waliofikwa Waislamu walikuwamo. Jambo hili yatupasa tulikumbuke kila tusikiapo mtu akijipa uwakili wa Uislamu kwa kumwaga damu. Sidialo alipoteza macho yote mawili siku hiyo. Amesema hadharani kwamba alikaa na uchungu na tamaa ya kisasi, na kwamba kuuweka chini uchungu huo kulimchukua muda. Mwaka 2005 alipanda Kilimanjaro mpaka kileleni, mita 5,895. Baadaye alisafiri kwa baiskeli kutoka Cairo mpaka Cape Town, masafa ya kama kilomita 12,000.

Baiskeli aliyoipanda ni ile ya watu wawili. Aliye mbele huona njia na kushika usukani. Aliye nyuma haoni kitu, lakini kanyagio ni zake, na asipokanyaga chombo huwa kizito kwa wote wawili. Sijui mfano ulio wazi kuliko huu wa namna ya kumsaidia aliyeumia. Sisi tuna desturi ya kumbeba: twamletea chakula chumbani, twamjibia maswali, twampangia kila kitu, na twaita hayo huruma. Yeye ataka mtu wa kushika usukani na kumwachia kanyagio.

Na kwetu pwani kuna msiba mwingine unaokaa katika miili ya watu, nao ni wa maji. Tarehe 29 Aprili 1994 kivuko cha Mtongwe kilipinduka asubuhi, wakafa watu 272, karibu kabisa na nchi kavu. Mwezi Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama usiku ikielekea Pemba, kwenye bahari ya Nungwi, wakafa mamia ya ndugu zetu. Na mwezi Julai 2012 ikazama Skagit. Wako watu mpaka leo ambao walipona au walifiwa katika misiba hiyo, nao hawatii mguu majini. Wamezaa, na watoto wao wamekatazwa bahari, wakakua hawajui kuogelea hali nyumba zao zasikia mawimbi. Angalia khofu inavyorithiwa, na inavyomweka mrithi katika khatari ile ile iliyomtisha mzazi.

Huko Nungwi, Unguja, kuna mradi uitwao Panje uliowafunza wanawake na wasichana kuogelea, wakivaa nguo za kuogelea zinazositiri mwili mzima, wakifunzwa na wanawake wenzao. Hawakuanza kwa kupiga mbizi. Walianza kwa kulala chali juu ya maji, masikio ndani, huku mwalimu ameweka mkono chini ya mgongo. Kisha mkono ukaondolewa pole pole. Aliyepata kumfunza mtoto kuelea ajua kwamba kazi yote imo katika kuufanya mwili uamini kuwa maji yatauchukua. Hori yetu ya Mtwapa ni tulivu, na mafundi wa kuogelea hatuwakosi. Lililokosekana ni wakati na mahali pa sitara kwa wanawake, na hilo ni jambo la kupangwa na wazee wa mtaa, si la kungojewa serikali.

Nimewataja wanawake, na sitaki wadhani kwamba darsa hii yawataja kwa kupita. Katika nyumba zetu yako mambo yaliyowafika wasichana ambayo hayaandikwi katika karatasi za maswali: aliyeozwa angali mtoto, aliyedhulumiwa na mtu wa nyumbani, aliyetalikiwa na miaka kumi na saba. Mjini Kilifi tangu mwaka 2001 kuna chama kiitwacho Moving the Goalposts kinachowachezesha wasichana mpira. Wapo wazee waliokasirika, na mimi nakiri kwamba nilikuwa katika waliokunja uso. Lakini msichana hapewi mpira akaambiwa kimbia tu. Wasichana wenyewe huendesha ligi, huwa waamuzi, hukaa katika kamati, hufunzana mambo ya afya na haki zao. Aliyezoea kuamuliwa kila jambo lake hupewa filimbi, akaambiwa: hapa wewe ndiwe uamuaye. Nguo za sitara zapatikana, na uwanja wa faragha wapatikana. Msichana aliyevunjwa na mtu mzima, akinyamazishwa na jamaa zake ili kulinda jina, hapatikani kwa urahisi baada ya hapo. Basi ukunjaji wetu wa uso na uanze huko.

Yapasa sasa tuseme na mipaka ya jambo hili, tusije tukawa kama wauza dawa wa sokoni. Wataalamu wawili wa Marekani, Richard Tedeschi na Lawrence Calhoun, walichapisha mwaka 1996 kipimo cha kujua ni mabadiliko gani mema humpata mtu baada ya msiba. Waliyataja matano: kuwa karibu zaidi na watu, kuona njia mpya za maisha, kujua nguvu alizo nazo, kukua kwa imani, na kuuthamini uhai. Lakini walitahadharisha kwamba mema hayo hayaletwi na msiba wenyewe. Huletwa na kupambana nao, nayo hukaa pamoja na uchungu, hayauondoi. Hivyo ni kosa kumwambia aliyeumia kwamba lililomfika lilikuwa zuri kwake, au kumtazamia akue kwa tarehe fulani. Wako watakaopata nafuu bila ya kukua popote, na nafuu hiyo yatosha.

Pia si kila mchezo wamfaa kila mtu. Kijana wa suala letu asianze kwa mechi yenye kelele na kugongana. Kupigwa kumbo kwa nyuma, kwa mtu aliyegongwa na gari, si mchezo. Aanze kwa kutembea mahali ambapo pikipiki hazipiti, alfajiri, pamoja na mtu mmoja amwaminiye, kwa mwendo anaouchagua yeye. Asilazimishwe kuzungumza, watu wawili wanaokwenda upande mmoja husemezana kwa wakati wao, maana hawatazamani usoni. Khofu ikimshika njiani, wasimame, avute pumzi taratibu, atazame vitu vilivyo mbele yake avitaje: mtumbwi, mnazi, kaa. Kisha ama waendelee ama warudi, kwa khiari yake. Mguu uliounganishwa uongozwe na aliyesomea mazoezi ya viungo. Na ikiwa kijana ataja kufa, au hali kabisa, au hulala kwa kutumia kitu, mama asingoje kutembea. Ampeleke kwa daktari wa maradhi ya akili siku hiyo hiyo, wala asione haya, kwani hakuona haya kumpeleka kwa mguu.

Limebaki neno la jirani, nalo ndilo zito, kwa sababu naogopa kijana mwenyewe alisema kabla ya jirani kulisema. Abiria alikufa naye akapona. Mtu aliyepona namna hii hujiona mwizi wa uhai, na huona kwamba akicheka au akikimbia atakuwa amemwibia maiti mara ya pili. Basi hujitoza kwa kukaa. Lakini kukaa kwake chumbani hakumlipi marehemu kitu, wala hakuwafikii watoto wake. Kama ana deni kwao, la mali au la kuwatazama, deni hilo hulipwa na mtu mwenye miguu. Twamshauri kwamba nguvu zikirudi, moja katika safari zake za kwanza iwe ya kwenda nyumbani kwa marehemu kuwaamkia wazee wake, akifuatana na mtu mzima. Ni mbali kuliko uwanja wa mpira, najua. Ndiyo sababu tukasema aanze kwa kutembea.

Ndugu wawili wa darsa wamekwisha kusema na mama, naye amesema na mwanawe. Hakukubali wala hakukataa. Aliuliza tu ni saa ngapi. Jumamosi hii ni bamvua, na maji yatatoka mbali. Baada ya sala ya alfajiri watampitia, wateremke pwani iliyo chini ya magofu ya Jumba la Mtwana, na wataandamana naye kwenye mchanga mgumu mpaka atakaposema basi. Wasomaji mnaokaa njia hiyo mnaombwa msisimame milangoni kutazama.

Mama aliuliza na suala la pili katika karatasi ile ile, juu ya diya ya marehemu na nani wa kuitoa ikiwa mwenye gari hakupatikana. Hilo lataka kurejea vitabu, na tutalijibu katika toleo lijalo.